Je, Mlango Ukifungwa, Moyo Nao Umefungwa?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Msomaji mpenzi, liko suala ambalo siku hizi halikosi barazani. Nalo ni hili: je, yafaa kuzifunga zile tovuti za kubashiri mpira na michezo mingine ya kamari, ili vijana wetu wasiweze kuzifikia katika simu zao? Wazazi wengi wanasema zifungwe hata leo. Vijana wanacheka na kusema kwamba ukifunga mlango mmoja, kumi itafunguka. Na wako watu wa elimu wanaosema kuwa mtu mzima si mbuzi wa kufungwa kamba, na kwamba anayeacha dhambi kwa kuwa hana njia ya kuitenda hakuacha kitu.

Kauli hii ya tatu ndiyo niliyokuwa nikiishika mimi. Niliishika miaka mingi, na nikaisomesha. Kilichonifanya niitazame upya ni safari niliyokwenda Nyamongo.

Nyamongo ni mji wa dhahabu katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, si mbali na mpaka wa Kenya. Hapo ndipo ulipo mgodi mkubwa wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, na ambao sasa kampuni ya Barrick inauendesha kwa ubia na Serikali kupitia kampuni ya Twiga. Pembeni mwake wako wachimbaji wadogo na maduara yao, na watu waliokuja kutoka kila upande wa nchi kutafuta riziki. Miongoni mwao alikuwa kijana mmoja niliyemsomesha juzuu ya Amma alipokuwa mtoto. Mama yake, jirani yangu, aliniomba nikamtazame, kwa kuwa miezi saba ilikuwa imepita bila ya kumletea hata senti moja, naye akimwambia kila siku kwamba duara halijatoa.

Nilimkuta. Akanipokea kwa adabu: "Shikamoo Maalim." Nikaitikia, tukakaa. Sikumhoji. Usiku, baada ya sala ya Isha, akasema mwenyewe. Duara lilikuwa likitoa. Fedha ilikuwa ikiingia katika simu jioni, na kabla ya alfajiri imekwisha katika mikeka. Nami nilikuwa sijui kwamba neno hili zuri, mkeka waliousuka bibi zetu tukakalia na kusalia, leo ndilo jina la orodha ya mechi anazozibashiri mcheza kamari. Akaniambia mkeka ukichanika usiku huu, huweka mwingine ili auokoe ule wa kwanza.

Kisha akatoa simu yake akaiweka mbele yangu. "Maalim," akasema, "nifungie wewe. Mimi nimeshindwa."

Nikamjibu kwa yale niliyoyazoea: "Mwanangu, simu haina kosa. Mche Mwenyezi Mungu, basi."

Akainamisha kichwa, kisha akasema maneno ambayo wallahi hayajanitoka masikioni: "Nisingekuwa namcha, Maalim, nisingekwambia."

Jawabu sikuwa nalo, na simu nikamrudishia. Asubuhi akaniaga kwenda duarani, na ile fedha aliyonipa nimpelekee mama yake ilikuwa shilingi elfu tano.

Basi na tulitazame suala hili kwa mizani ya dini yetu.

Kamari yenyewe haina mjadala. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Qurani ilikiri kwamba ulevi na kamari vina manufaa fulani kwa watu, lakini ikabainisha kuwa madhambi yake ni makubwa kuliko manufaa hayo. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, ukaja uharamisho wa moja kwa moja pamoja na sababu zake: kwamba shetani anataka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Angalia, msomaji, neno lililotumika halikuwa kuacha tu, bali kujiepusha. Aliyeamrishwa kujiepusha na shimo hakuamrishwa tu asitumbukie. Ameamrishwa asitembee ukingoni mwake.

Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alitupigia mfano wa mchungaji alishaye wanyama wake kando ya malisho yaliyozuiwa, jinsi anavyokaribia kuingia ndani yake. Watu wa Mara ni wafugaji, wanaujua mfano huu kuliko sisi watu wa pwani. Hakuna mfugaji aliye na akili anayesema, "Ng'ombe wangu ni waaminifu, sihitaji boma."

Lakini mwenye kupinga atasema: mnyama si binadamu, na thamani ya binadamu ni kuchagua. Hoja hii si ya kudharauliwa, wala si mpya. Wanavyuoni wetu waliijadili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita katika mlango wa hajri, yaani kumzuia mtu kuitumia mali yake mwenyewe. Imam Abu Hanifa aliona kuwa mtu mzima, huru, mwenye akili, hazuiliwi kwa sababu tu ni mfujaji; kwani kumvua uwezo wa kuamua ni kumshusha ubinadamu wake, na hilo ni dhara kubwa kuliko kupotea kwa mali. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo wengi wetu huku pwani, aliona kinyume chake: mfujaji huzuiliwa. Naye aitoaye mali yake katika haramu ni mfujaji bila ya shaka. Hata wanafunzi wawili wakubwa wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu mwalimu wao katika jambo hili.

Zingatia jinsi Shafii walivyoliwekea jambo hili mipaka. Mtu mzima aliyeharibikiwa hazuiliwi na jirani wala na mjomba mwenye hasira. Kadhi ndiye anayemzuia. Ibada yake inabaki sahihi, heshima yake haivunjwi. Na akitengenea, kizuizi huondolewa. Kwa hiyo hajri si adhabu. Ni mfano wa gongo la mtu aliyevunjika mguu. Anayemnyang'anya gongo kwa kumwambia kuwa mtu kamili hutembea kwa miguu yake, huyo hakumheshimu, amemwangusha.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu la Nyamongo. Kijana yule hakuwa akiniomba nimwondolee hiari yake. Kule kuiweka simu mbele yangu ndiko kulikokuwa hiari yake, tena kwa nguvu zake zote zilizobakia. Mtu anayelifunga mlango wake mwenyewe saa ya akili timamu, ili asiufungue saa ya udhaifu, huyo ndiye aliyejiepusha. Kufuli lile ni taqwa yake.

Wengine wamelifahamu hili kabla yetu. Uingereza, nchi ambayo kamari ni halali kwa sheria zake, ulianzishwa mwaka 2018 mpango uitwao GAMSTOP. Mtu hujiandikisha mwenyewe kuwa asikubaliwe kucheza kwa miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano. Na tangu mwaka 2020 kila kampuni ya kamari ya mtandaoni yenye leseni huko inalazimika kumkatalia. Mwaka huohuo wakapiga marufuku kucheza kamari kwa kadi za mkopo. Je, watu wasioiharamisha kamari wawe na huruma hii kwa mgonjwa wa kamari, nasi tumwambie "mche Mungu" kisha tulale?

Sasa tuje kwenye kufunga kunakofanywa na dola. Hapa pana mafunzo kutoka kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Julai 2019 Serikali yao ilikataa kuzihuisha leseni za kampuni 27 za kubashiri, na ikaamuru zikatwe namba za simu ambazo wachezaji walikuwa wakilipia. Hawakuanza na tovuti. Walianza na mfereji wa fedha. Mwaka huo huo wakaweka kodi ya asilimia 20 juu ya kila dau. Biashara ikayumba, na SportPesa, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikasimama. Lakini mwaka 2020 kodi ile ikaondolewa, na mwaka 2021 ikarejeshwa ikiwa asilimia 7.5 tu; na kamari ikaendelea. Uzito wa mlango hauna faida kama mwenye ufunguo anabadili nia kila bajeti.

Na kwetu Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeunda Bodi ya kutoa leseni, na imemkataza aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo zikifungwa tovuti zisizo na leseni, zenye leseni zinabaki wazi na zinalipa kodi. Kwa sheria ya nchi hilo ni utaratibu. Kwa Muislamu, leseni haihalalishi kitu. Isitoshe, mchezo huu haukai katika tovuti peke yake. Fedha hupita katika pochi ya simu. Na ziko programu ziitwazo VPN, zinazompitisha mtu mlango wa nyuma. Tunakumbuka habari za wale watu wa mji ulio kando ya bahari, katika Suratul Aaraf, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato wakatafuta hila. Mwenye moyo wa hila hakosi mlango.

Je, hii ina maana kuwa kufunga hakuna faida? Hasha. Ukuta wa nyumba hauwazuii wezi wote, na hakuna anayeubomoa kwa sababu hiyo. Mtoto wa miaka kumi na minne hana hila za mzoefu. Mlango uliofungwa utampa miaka ya kukua. Na mchovya asali hachovyi mara moja: asiyechovya kabisa amesalimika.

Lakini liko lililo zito kuliko mlango, nalo ni mwaliko. Mtume wetu alifundisha kuwa mtu anayemwambia mwenzake waje wacheze kamari, basi atoe sadaka. Bado hajacheza, neno la kualika tu limehitaji kafara! Sasa tujihesabu. Mwaka 2017 Simba na Yanga, timu zote mbili, zilivaa jina la kampuni ya kubashiri kifuani. Watoto wetu wakaja madrasa na jezi zile, nasi walimu tukawafundisha uharamu wa kamari huku mwaliko wake ukitutazama kutoka vifuani mwao, na hatukusema neno, kwa kuwa nasi tuna timu zetu.

Basi jawabu langu ni hili. Mlango ufungwe, na mfereji wa fedha ufungwe kabla yake, na mwaliko kabla ya vyote. Wenye mamlaka wana sehemu yao, nao wataulizwa. Lakini tusidhani kuwa mlango uliofungwa ni moyo uliotakasika. Nabii Yusuf alifungiwa milango akiwa ndani pamoja na dhambi, akaukimbilia mlango ili atoke. Moyo kama ule haujengwi na Bodi wala kampuni ya simu. Hujengwa nyumbani, na mzazi anayekaa na mwanawe akamuuliza habari zake kabla hajaanza kusema uongo.

Na ikiwa mwanao, au mwanafunzi wako, atakuja usiku akiweka simu mbele yako, usimrudishie. Ipokee. Mfungie, umshukuru kwa kukuamini, na asubuhi umuulize amelalaje. Mimi nilimrudishia. Baadaye nilimpigia, nikamwomba radhi, nikamwambia fedha yake aitume moja kwa moja kwa mama yake siku ileile aipatayo, kabla jua halijatua. Mara nyingine anatuma, mara nyingine hatumi. Mama yake naye huniletea habari, na tunamwombea dua.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi na vizazi vyetu, na atujaalie tuwe vizuizi vya rehema kwa ndugu zetu. Wabillahi tawfiq.