Waya Ukikatika, Mashine Isimame

Wanangu mnaoondoka hapa Kisorya na cheti cha umeme, mkapita Bunda kwenda kutafuta kazi kwenye karakana za Mwanza na Dar es Salaam, nisikilizeni tena. Nimeyasema haya hadi nimechoka, na bado nasikia fundi kakabidhiwa mashine ya kuchonga chuma yenye mota za servo, kitufe cha dharura kikamsumbua, akakijampa, yaani akakiruka kwa waya, ili kazi iendelee.

Mmekulia kwenye mashine za kusaga. Ile ukiizima, mkanda unazunguka kidogo kisha unatulia. Servo haiendi hivyo. Ukiikatia umeme ghafla ikiwa kwenye mwendo, mota inapoteza nguvu ya kujizuia na meza nzito inaendelea kuteleza. Kichwa kinachopanda na kushuka nacho kinaweza kuanguka kwa uzito wake, mkono wa mtu ukiwa chini. Halafu kapasita za ndani ya draivu inayoendesha mota hubaki na umeme wa kuua hata meni ikiwa imezimwa. Ngojeni muda ulioandikwa kwenye draivu, kisha mpime kwa mita.

Kwa hiyo, penye hatari kama hiyo, kitufe kikibonyezwa draivu ipewe amri ya kufunga mwendo kwanza, kisha rilei ya usalama yenye kuchelewesha iondoe nguvu ya mota. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1 huita huko kusimama kwa aina ya 1. Aina ya 0 ni kukata papo hapo. Kichwa cha wima kiwekewe breki ya springi, inayobana umeme ukiondoka.

Sasa waya, ambako ndiko mnakoniumiza moyo. Tumieni mguso wa kitufe unaokaa umefunga, volti 24 zipite humo muda wote. Panya akitafuna waya au skrubu ikilegea, mashine inasimama yenyewe. Mkitumia mguso unaokaa wazi, waya utakatika leo na hakuna atakayejua, mpaka siku mtu amenaswa, anabonyeza, na chuma kinaendelea kuzunguka. Pitisheni njia mbili. Wekeni kontakta mbili mfululizo, maana ncha za kontakta huweza kugandana kwa joto, na rilei izikague zote mbili kabla ya kuruhusu kuwasha. Kazi hii msiiachie programu ya kawaida ya mashine peke yake. Na kitufe kikiachiwa, mashine isiondoke mpaka mtu aiwashe kwa makusudi.

Tajiri atawaambia oda imechelewa. Mjibuni kwa heshima, ila msijampe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wanaomfanyia kazi.

Kabla ya kukabidhi mashine, iendesheni taratibu, tupu, watu wakiwa mbali, mkate njia moja ya kitufe, muirudishe na kuwasha tena, kisha mkate ya pili. Isiposimama mara zote mbili, msiikabidhi.