Kuona na kuwajibika

Mwaka 2014 kamera nne za video zenye picha ang'avu, za aina iuzwayo madukani, zilianza kujaribiwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita zipatazo 400 juu yetu. Wataalamu walitaka kujua kama zitastahimili mionzi. Zilifanya kazi hadi 2019.

Swali: je, kuona kunatosha? Mashine huona, lakini haina dhima, ikizimika hailaumiwi. Sisi je? Misitu ya Uluguru hulisha mto Ruvu, na Dar es Salaam inakunywa Ruvu. Mkazi wa Morogoro akiinua macho anauona mlima ukivuliwa nguo. Haihitaji kamera. Anayekata ana dosari, lakini anayetazama akanyamaza, na anayekunywa asiulize maji yanatoka wapi, watajitetea kwa lipi?