Msamaria Alikuwa na Mafuta

Andiko: Luka 10:25–37



Leo naanza kwa kutubu mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ploti tuliyokuwa tukiishi, karai la mafuta ya mandazi liliwaka moto kwa jirani. Nilikimbia na ndoo ya maji, nikamwaga. Moto uliruka hadi darini, ukamchoma yule mama mkononi. Tukampaka dawa ya meno, kisha nikamwombea. Maombi yalikuwa sawa. Maji yale na dawa ile ya meno yalikuwa makosa, na kila nikikutana na huyo mama naona kovu lake. Nilikuwa na moyo wa Msamaria, lakini mikono yangu haikujua kazi.

Kuhani na Mlawi tumeshawahubiri sana hapa. Leo tumtazame Msamaria alifanya nini.

Kwanza, alisimama mahali pa hatari. Wanyang'anyi huenda walikuwa bado karibu. Katika mafunzo ya waokoaji wa kujitolea, somo la kwanza ni hili: kabla hujamgusa mtu, angalia kama mahali ni salama. Je, kuna waya wa stima umeanguka? Je, gesi inanuka? Sisi Wakenya tumefundishwa jambo hili kwa machozi. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachang'wan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mtu aliyefunzwa anarudisha watu nyuma kwanza, halafu anapiga 999 au 112.

Pili, alikuwa na vifaa na alijua kuvitumia. Mafuta na divai ndiyo dawa ya vidonda ya siku zile. Kumbe alisafiri nayo! Wewe una nini nyumbani kwako? Mafuta ya kupikia yakiwaka, zima gesi, funika kwa mfuniko, usimwage maji. Mtu akiungua, weka mahali pale chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20; usipake dawa ya meno, yai wala unga. Mtungi wa kuzimia moto: vuta pini, elekeza mdomo wake chini kabisa moto unapoanzia, bonyeza, peleka kushoto na kulia kama unafagia. Mtu akianguka na hapumui, mwite msaada, kisha bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Lakini haya hamwezi kuyashika kwa kunisikiliza tu. Mikono lazima ifanye, irudie, hadi izoee.

Tatu, alimkabidhi mgonjwa. Alimfikisha nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili. Hakujifanya anaweza yote. Huduma ya kwanza inamshikilia mtu hadi ambulensi au zimamoto wafike. Na ninyi mnajua vichochoro vyetu: gari la zimamoto linaweza kukwama barabarani huku nyumba za mabati zikiteketea. Dakika zile za kwanza ni za jirani.

Mtu atasema, "Pasta, si Mungu hutulinda?" Anatulinda, Amina! Daudi naye alimtegemea Bwana, na bado alijua kutumia kombeo lake. Hakuanza kujifunza siku ile Goliathi alipotokea.

Katika ibada niliuliza ni nani anayejua mtungi wa kuzimia moto wa kanisa hili uko wapi. Mikono minne iliinuka. Minne, kanisa zima, na watoto wetu wako kule nyuma kila Jumapili.

Kwa hivyo wazee wamekubali: tutakuwa na mafunzo ya kuzima moto na huduma ya kwanza hapa kanisani, Jumamosi mbili mfululizo. Tunataka watu wawili kutoka kila ushirika wa nyumbani, vijana na akina mama pia. Andikisha jina kwa katibu baada ya ibada. Jina langu ndilo la kwanza kwenye orodha.

Tuombe: Baba, umetupa huruma. Sasa tufundishe mikono yetu, jirani akilia usiku tusifike mikono mitupu. Katika jina la Yesu, Amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani: Moto ukitokea usiku huu kwenye ploti yenu, nani atapiga simu, nani atazima stima, na nani atawatoa wazee na watoto?