Obama alisingiziwa nini?

MWAKA 2008 binti yangu alikuwa darasa la nne. Asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba tulikuwa tunakunywa chai, redio inasoma habari za kampeni za urais wa Marekani, akaniuliza: "Baba, hivi huyu Obama ni Mwislamu?" Nami kwa haraka, na nakiri kwa majivuno kidogo ya mtu anayejiona anafuatilia mambo, nikamjibu: "Hapana mwanangu, ni Mkristo. Wanamsingizia tu."

Akachovya mkate wake kwenye chai, akala, kisha akauliza tena: "Wanamsingizia kama mtu anavyosingiziwa wizi?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Nikamwambia awahi shule.

Kwa Kiswahili chetu mtu hasingiziwi jambo jema. Hujapata kusikia kwamba fulani kasingiziwa ukarimu, au kasingiziwa kuwa anawatunza wazee wake. Mtu husingiziwa wizi, uchawi, uzinzi. Neno lenyewe limekwishatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Na hukumu ile hakuitoa mzungu wa Texas wala mtangazaji wa televisheni ya kwao. Niliitoa mimi, Mwislamu, nyumbani kwangu, mbele ya mtoto ninayempeleka madrasa kila jioni.

Wale waliokuwa wadogo wakati ule pengine hawajui tulivyoufuatilia uchaguzi ule. Baraza letu pale Kariakoo, baada ya Isha, lilikuwa na wataalamu wa siasa za Ohio ambao hawakumjua hata diwani wa kata yao. Tulijua kwamba anayeshinda ni mwenye kura 270 za wajumbe wa majimbo, si lazima aliyependwa na wananchi wengi, maana somo hilo tulilipata mwaka 2000 Al Gore alipopata kura nyingi zaidi nchi nzima akaukosa urais kwa tofauti ya kura 537 za Florida. Muuza kahawa wetu alikuwa akitamka "Pennsylvania" vizuri kuliko mimi.

Na sababu tulikuwa nazo. Baba wa mgombea ni mtu wa Kogelo, jirani zetu hapo Kenya. Jina lake la katikati ni Hussein, alilolirithi kwa babu yake, mzee wa Kijaluo aliyesilimu. Juu ya yote tulikuwa tumetoka katika miaka minane ya George Bush: Afghanistan 2001, Iraq 2003, Guantanamo, na watu kushikwa bila kufikishwa mahakamani. Tulitaka aliyepo aondoke na chama chake. (Hapa niseme kwa kupita tu kwamba mwaka 2000 muungano wa jumuiya za Waislamu wa Marekani ulimuunga mkono Bush huyo huyo, kwa sababu katika mdahalo alilaani watu kuhukumiwa kwa ushahidi wa siri. Tusiwacheke. Walimpigia kura mtu wa Oktoba 2000, hawakumjua wa Oktoba 2001.)

Sasa tazama jinsi tuhuma yenyewe ilivyokwenda. Februari 2008 ilisambazwa picha ya Obama akiwa amevaa mavazi ya Kisomali na kilemba, aliyopigwa Wajir mwaka 2006. Nguo aliyovishwa na wenyeji wake kwa heshima ikageuzwa kielelezo cha mashitaka. Mwezi Juni, kwenye mkutano wake Detroit, wasichana wawili wa Kiislamu waliovaa hijabu walizuiwa na watu wa kampeni wasikae nyuma ya jukwaa, mahali ambapo kamera zingewaonyesha. Obama mwenyewe aliwapigia simu kuwaomba radhi, na hilo tumpe haki yake. Lakini mwezi huo huo kampeni yake ilifungua ukurasa wa intaneti wa kupambana na watu wanaomchafua, na mojawapo ya machafu yaliyokuwa yakisafishwa humo ni kwamba yeye ni Mwislamu.

Kisha ikaja tarehe 10 Oktoba. Kwenye mkutano wa John McCain huko Minnesota mama mmoja alisimama akasema hamwamini Obama kwa sababu ni Mwarabu. McCain akamnyang'anya kipaza sauti, akasema hapana mama, huyo ni mtu mwema mwenye familia yake, raia, ila nahitilafiana naye katika mambo ya msingi. Dunia nzima ilimsifu McCain kwa uungwana wake, na baraza letu nalo likamsifu. Mimi mwenyewe nilisema, "Huyu mzee ni muungwana." Ilinichukua siku kadhaa, na swali la mtoto, kutambua nilichokisifu. Mama kasema "ni Mwarabu", yeye kajibu "hapana, ni mtu mwema". Kwa hiyo hayo mawili hayakai mahali pamoja?

Siku tisa baadaye, Jumapili tarehe 19 Oktoba, akazungumza Colin Powell kwenye televisheni. Nasita kumtaja kwa wema, maana ndiye aliyekwenda Umoja wa Mataifa tarehe 5 Februari 2003 kuueleza ulimwengu juu ya silaha za Iraq ambazo hazikuwapo, na damu iliyofuata tunaijua. Lakini haki husemwa hata kwa mtu usiyempenda. Powell alisema kwamba jibu sahihi la kiserikali ni kuwa Obama si Mwislamu, ni Mkristo. Ila jibu sahihi hasa ni kuuliza: na angekuwa Mwislamu je? Kuna ubaya gani? Kuna ubaya gani mtoto wa Kiislamu wa miaka saba huko Marekani akiamini kwamba siku moja anaweza kuwa rais? Akaeleza picha aliyoiona ya mama aliyeegemea kaburi la mwanawe katika makaburi ya Arlington, askari aliyekufa Iraq, na juu ya jiwe la kaburi hakuna msalaba bali mwezi na nyota.

Niliposoma maneno yale nilifurahi, kisha nikaona haya. Swali aliloliuliza Powell mbele ya mamilioni ndilo lililoulizwa na mtoto wangu mezani, na mimi nikamwambia awahi shule.

Usiku ule nililipeleka jambo hili barazani. Vijana wakanishambulia. Wakasema Obama hakusema uongo: ni Mkristo, kaulizwa, kajibu. Mtu akiitwa Juma naye ni Hamisi, akisema "mimi si Juma" kamtukana nani? Mwingine akasema siasa ndivyo ilivyo, angejibu kama Powell angepoteza Ohio, na akishindwa Waislamu wa Iraq wamefaidika nini?

Hoja ya kwanza ni nzito na sikuwa na la kuijibu. Alinisaidia mzee wetu mmoja ambaye kwa kawaida huja kunywa kahawa tu na kunyamaza. Alisema: "Kusema yeye ni Mkristo ni haki yake, na ni kweli. Lakini mtu akikwambia una tope usoni, hukimbilia kufuta. Akikwambia una jina la fulani, humsahihisha umekaa. Nyie mnaona huyu bwana anasahihisha au anafuta?" Hakuna aliyejibu. Ndipo nilipoelewa kwamba ukweli unaweza kusemwa kwa namna inayomdhulumu mtu wa tatu, asiyekuwapo, ambaye hakuulizwa lolote.

Ama hoja ya pili, ya siasa, naikubali nusu. Katiba ya Marekani, kifungu cha sita, inakataza kumpima mtu kwa dini yake ili ashike cheo, lakini mpiga kura hafungwi na kifungu. John Kennedy mwaka 1960 alikwenda Houston kukabiliana na wachungaji wa Kiprotestanti waliouogopa Ukatoliki wake. Hakuukana. Aliwaambia kwa maana hii: ikiwa Wakatoliki milioni 40 wamepoteza nafasi ya kuwa rais siku ile walipobatizwa, basi nchi nzima ndiyo iliyopata hasara. Akashinda. Lakini Kennedy alikuwa akitetea dini yake mwenyewe, nyuma yake wako Wakatoliki milioni 40 wenye kura. Obama alitakiwa atetee dini ya wengine, ambao kura zao ni chache, mbele ya watu wenye hofu ya Septemba 11. Simlaumu sana. Mwenye kura za kupoteza huogopa. Powell alisema kwa sababu hakuwa mgombea.

Sasa sisi je? Sisi wa Kariakoo tulikuwa na kura ngapi za kupoteza Ohio? Hatukuwa na hata moja. Kama kuna watu duniani waliokuwa huru kuuliza "na angekuwa Mwislamu je?" ni sisi. Hakuna mshauri wa kampeni aliyetuandikia maneno, hakuna kura za maoni zilizotutisha. Na bado tulikaa kila usiku tukimsaidia kukana, tukikasirika kwamba wanamchafua, tena anayechafuliwa jina ni sisi. Tulitaka mtu wetu ashinde kiasi cha kukubali kuwa sisi ndio tope lake.

Na nikiwa katika kujihesabu niseme na hili, japo wapo watakaokasirika. Mara ngapi mimi na wewe tumesema juu ya jirani, "Ni Mkristo, lakini mtu mzuri"? Fundi wa nyumba yangu nimemsifu hivyo kwa watu zaidi ya watatu: Mkristo, lakini mwaminifu. Ile "lakini" yangu na ile "hapana" ya McCain ni mtu na ndugu yake.

Obama alishinda. Asubuhi ya tarehe 5 Novemba, saa moja kwa saa zetu, ilitangazwa, na barazani watu walikumbatiana. Kwa Rais Kibaki ilikuwa sikukuu, kesho yake Kenya nzima ikapumzika, nchi ambayo miezi michache nyuma ilizika watu zaidi ya elfu moja kwa sababu ya uchaguzi wake yenyewe. Guantanamo aliyoahidi kuifunga ndani ya mwaka mmoja hakuifunga. Msikiti wa kwanza wa Marekani aliouzuru akiwa rais ni wa Baltimore, Februari 2016, mwaka wake wa mwisho.

Tarehe 4 Novemba 2025, miaka 17 kamili tangu siku Wamarekani walipompigia kura Obama, watu wa New York walimchagua Zohran Mamdani kuwa meya. Kazaliwa Kampala mwaka 1991, baba yake ni profesa aliyewahi kufundisha pale Mlimani miaka ya 1970. Urais hawezi kuugombea kwa kuwa hakuzaliwa raia wa Marekani. Usiku wa ushindi alisema yeye ni kijana, ni Mwislamu, ni msoshalisti, na haombi radhi kwa lolote kati ya hayo.

Binti yangu sasa ana nyumba yake. Asubuhi ile alinitumia ujumbe kwenye simu: "Baba, huyu naye wanamsingizia?"

Nikamwandikia: "Huyu ni kweli."

Akajibu: "Sasa niwahi kazini." Kumbe hakusahau.