Usimwambie "Subiri Kidogo"



Wapendwa vijana, kuna riwaya ya uhalifu ya Mswidi Stieg Larsson, kurasa zaidi ya 400, iliyotoka mwaka 2005, mwandishi akiwa ameshafariki. Wengi wanaifahamu kwa jina la Kiingereza, The Girl with the Dragon Tattoo. Lakini Kiswidi inaitwa Män som hatar kvinnor, yaani wanaume wanaochukia wanawake. Na hiyo ndiyo habari yake: ubakaji, na wanawake kuteswa na watu wa ndani kabisa. (Kama hujaisoma, samahani, itabidi nifichue siri zake kidogo.)

Wasomaji wake hawakubaliani. Nimechagua kauli tatu, tuziweke mbele ya Neno la Mungu.

Ya kwanza: "Mkristo hafai kusoma mambo haya." Ni kweli, kama kitabu kinakuumiza au kinakuamshia tamaa, kifunge, huna deni nacho. Ila tusijidai kwamba Biblia imekaa kimya. Fungua 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme Daudi, anaitwa ampikie kaka yake Amnoni anayejifanya mgonjwa. Anambaka, kisha anamfukuza na kufunga mlango. Tamari anajipaka majivu, anararua kanzu yake, anaondoka analia. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuliacha hilo liandikwe. Kwa nini sisi tuone aibu kulizungumza jumuiyani?

Ya pili: "Nilifurahi sana Lisbeth alipolipiza!" Lisbeth Salander ni msichana aliyewekwa chini ya msimamizi wa kisheria, na huyo huyo msimamizi akambaka. Haendi polisi, anamtesa mwenyewe. Msomaji anashangilia, na ninaelewa, kwa sababu moyo wa binadamu una njaa ya haki. Lakini rudi kwa Tamari. Absalomu, kaka yake, alimwambia anyamaze. Miaka miwili baadaye akamuua Amnoni. Je, Tamari alipona? Maandiko yanasema alibaki mpweke nyumbani kwa Absalomu. Kisasi kilimwaga damu, chozi lake hakikulifuta.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: "Mbona Harriet hakusema?" Harriet ni binti wa miaka 16 aliyetoweka mwaka 1966. Nyumbani kwake baba alimnajisi, kisha kaka. Mama alijua, hakujali. Jamani, soma vizuri! Siku aliyotoweka, Harriet alimwendea mzee Henrik, ndugu wa babu yake, akaomba kuzungumza naye. Mzee alimpenda kama mwanawe, lakini alikuwa na shughuli. Akamwambia asubiri kidogo. Basi. Hakumwona tena kwa zaidi ya miaka 30.

Henrik hakuwa mtu mbaya. Hata Daudi aliposikia habari ya Tamari alikasirika sana. Halafu? Hakufanya kitu. Hasira bila hatua haikumsaidia binti yule.

Sasa mtazame Yesu katika Marko 5. Yuko njiani kwa Yairo, binti wa watu yuko kufani, umati unamsonga. Mwanamke anayetokwa damu miaka 12 anamgusa vazi. Yesu anasimama! Anamsubiri mpaka aeleze ukweli wote, kisha anamwita binti. Angeweza kusema subiri. Hakusema.

Kijana mwenzangu, iko siku rafiki atakuja baada ya mazoezi ya kwaya na kukuambia, "Nina jambo." Weka simu chini. Usimuulize alivaa nini. Usikimbilie kumwambia asamehe yaishe. Mwamini, kisha msindikize mpaka kwa mtu mzima anayeaminika, hospitali, au dawati la jinsia polisi. Akiwa mtoto, Tanzania na Kenya kuna namba 116. Na kama mkosaji ni mtumishi wa Kanisa? Pia isemwe. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, aliwaagiza mapadre na watawa kutoa taarifa. Kulinda jina la parokia kwa kumnyamazisha mtoto ni kurudia kosa la Absalomu.

Na wewe uliyetendewa, unayesoma hapa kimya kimya: dhambi ile si yako. Majivu yale hayakukustahili. Ukienda kwa mmoja akakuambia subiri, nenda kwa mwingine. Mungu hajakuambia unyamaze.

Tusali: Ee Yesu, uliyesimama njiani kumsikiliza mwanamke aliyeogopa, utupe masikio yako na ujasiri wako. Wafariji akina Tamari wa leo, waongoe wanaowatesa, na usituache tukae kimya. Amina.