Kirangozi wa Kijiweni

Kaka yangu alipopimwa presha na kukutwa na 180 kwa 110, daktari alimwambia mambo manne. Yeye alishika moja: aache sigara. Aliiacha siku ileile, nami nikamsifu, maana si kazi ndogo kwa mtu aliyeanza kuvuta tangu akiwa utingo wa lori. Kosa letu, lake na langu, lilikuwa kudhani kwamba sigara ilikuja peke yake.

Ana duka la vipuri vya baiskeli hapa Mtendeni, Tabora, na hatua chache kutoka mlangoni kuna benchi chini ya mwembe. Kijiwe chao ni hapo, watu watano. Saa nne asubuhi ni chai ya rangi, sukari vijiko vinne, na chapati mbili za mafuta, kwa sababu jana walilala saa saba usiku na hakuna aliyewahi kunywa chai kwake. Mchana drafti. Jioni wanahamia baa. Mishkaki huja na kisahani cha chumvi, chumvi inaleta kiu, kiu inaagiza bia, bia inaamsha hamu ya sigara. Kurudi nyumbani ni mwendo wa robo saa, lakini saa hiyo nani atembee? Bodaboda. Aliyelala saa saba haamki mapema, na duara linaanza upya.

Mji huu uliwatoa wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mzigo wa karibu kilo 30 begani. Msafara ulikuwa na kirangozi, mtu wa mbele aliyejua njia, na wengine walimfuata. Ila kirangozi akiugua, msafara haukuvunjika. Mwingine alishika nafasi yake. Tabia nazo husafiri kwa msafara.

Watu wa Alameda, California, waliulizwa mwaka 1965 habari za usingizi, sigara, pombe, uzito, mazoezi, chai ya asubuhi na kula ovyo kati ya milo. Walikuwa karibu 7,000. Mtafiti Lester Breslow na wenzake walipozijumlisha tabia hizo badala ya kuitazama kila moja peke yake, waliona kwamba mwanamume wa miaka 45 mwenye tabia njema sita au saba angetarajia kuishi miaka 11 zaidi ya mwenye tatu au pungufu. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta wavutaji kama 14 katika kila 100, wenye presha ya juu kama 26, na wasiokula mboga na matunda ya kutosha 97. Hesabu hiyo ya mwisho inaniuma. Watu watano wanakaa mwaka mzima chini ya mwembe, katika mji wa maembe, na embe halimo katika mlo wao.

Wiki ya pili nilimwuliza, "Kaka, na kijiweni je?"

"Mdogo wangu, sigara nimeacha. Mnataka niache na watu?"

Sikuwa na jibu, na swali lake lilikuwa la haki. Wale ndio waliomchangia alipofiwa na mkewe. Leo najua nilipaswa kuwaendea wote watano, nizungumze na muuza chai habari ya sukari, niwaombe drafti ichezwe jioni ili baa ikose nafasi. Nilimshughulikia mtu mmoja nikaliacha benchi.

Siku ya 21, akiwa na bia ya tatu, mwenzake alimsogezea pakiti kwa upendo kabisa. Mwezi wa saba, alfajiri ya baridi, alishindwa kufunga vifungo vya shati. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala, na mdomo umekwenda upande. Kiharusi.

Sasa anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi barazani. Duka analiendesha kijana wake aliyemaliza kidato cha nne. Juma lililopita nilimkuta benchini, amekaa palepale pa baba yake. Alisimama kwa adabu: "Shikamoo, baba mdogo." Kabla sijamaliza kuitikia, muuza chai alikuwa ameshamwekea kikombe. Hakumwuliza sukari vijiko vingapi.