Khabari za Maradhi na Dhana Mbaya



Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imeiwekea khabari sharti: kabla ya kuaminiwa ichunguzwe, na aliyeileta atazamwe ni nani. Sharti hii wengi wetu tumeiacha msikitini.

Mwezi wa Machi 2020 Jamaa ya Tabligh walikusanyika Nizamuddin, Delhi, na baadhi yao wakapatikana na korona. Kukusanyika wakati wa khatari kuna lawama yake, wala hatuifichi. Lakini baadhi ya magazeti na televisheni za Bara Hindi hazikutosheka na kusema kwamba watu wameambukizwa. Zilidai kwamba Waislamu wanafanya "jihadi ya korona". Wachuuzi wa mboga wakafukuzwa mitaani kwa sababu ya majina yao. Agosti mwaka ule ule Mahkama Kuu ya Bombay, katika baraza lake la Aurangabad, ilifuta mashtaka ya wageni wa Tabligh waliofikishwa mbele yake, ikayakemea magazeti na televisheni kwa uenezi ule. Hukumu ikapita kimya. Uzushi ulikuwa umekwisha kula.

Tulikasirika, na ilikuwa haki yetu kukasirika. Lakini sisi je?

Mei 2020 serikali ilipotangaza kufungwa kwa Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na Eastleigh, Nairobi, jina la mtaa lilisomwa redioni sambamba na idadi ya wagonjwa, na mwenye kutoka huko akaonekana kana kwamba yeye ndiye maradhi. Tulilalamika. Kisha tukazichukua simu zetu tukapelekeana majina na picha za wagonjwa wetu wenyewe! Basi nani atakubali kupimwa, hali anajua kwamba kabla ya magharibi atakuwa hadithi ya barazani? Watu wakaficha homa zao, na homa iliyofichwa ndiyo inayoambukiza nyumba nzima.

Sayyidna Umar (r.a.) alipopata khabari ya tauni ya Sham aliishia Sargh, akarejea Madina. Huko ni kujihadhari, na Mtume (s.a.w.) ametufunza tusiingie penye tauni wala tusiikimbie tukiwamo. Hatukusikia kwamba Umar aliwatukana watu wa Sham.

Jirani yetu mmoja alirejea kutoka karantini mwaka ule, naye keshathibitishwa kuwa mzima. Siku nyingi zilipita hapana aliyebisha mlango wake kumpa pole, na sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa waliochelewa. Tulimwendea baadaye, tukamtaka radhi.